Sauti Yangu Katika Chumba cha Mama

Jumapili, mvua ya alasiri.

Kisii imeamka na jua zuri leo, lakini ilipofika saa nane mawingu yakashuka kutoka upande wa Nyamira, na sasa mvua inapiga mabati hata friji siisikii. Nimekaa peke yangu mezani, sebuleni. Kerubo, mke wangu, yuko zamu hospitalini. Watoto wako shule ya bweni. Spika zangu mbili ndefu zimesimama pale ukutani na sijaziwasha kwa siku nane.

Nimekwepa kuandika haya wiki nzima.

Wanaosoma blogu hii watakumbuka kwamba miezi michache iliyopita niliandika kwa mbwembwe kuhusu mtambo wangu wa muziki. Niliweka picha za waya, za spika, za kabati. Watu waliniuliza kuhusu rauta na nyaya, nami nikawajibu kama profesa. Leo naandika kuhusu mtambo ule ule na sina mbwembwe yoyote. Nina aibu, na nimeona kwamba nisipoiandika nitaizoea.

Kwa mtu anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni mpima ardhi. Mchana nashinda kwenye mashamba ya watu nikitafuta mipaka wanayoigombania ndugu. Nikirudi nyumbani sitaki kelele. Nataka muziki, tena muziki safi. Kwa hiyo nilijijengea mtambo kidogo kidogo. Ndani ya kabati la koridoni kuna kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, imeunganishwa na diski iliyobeba nyimbo zote nilizokusanya maishani. Faili zake ni kubwa, hazijabanwa, kwa sababu wimbo ukibanwa ili uwe mwepesi kuna vitu vinakatwa na sikio linavikosa. Kutoka kabatini nilipitisha waya wa mtandao juu ya dari mpaka sebuleni, ukaingia kwenye kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa sauti, kisha amplifaya, kisha hizo spika. Simu yangu ndiyo rimoti. Nachagua wimbo, halafu nachagua chumba: Sebule, Jikoni, Chumba cha Mama.

Kila mgeni nilimwambia maneno yale yale: funga macho, utamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba.

Mama alikuja kukaa kwetu miezi mitano iliyopita. Aliteleza kwenye njia ya majani chai huko kwetu Ekerenyo, siku ya mvua, akavunjika nyonga. Ana miaka sabini na sita. Walipomruhusu hospitalini walisema lazima awe karibu, awe analetwa kwa mazoezi ya mguu mara mbili kwa wiki. Tuko wawili tu, mimi na dada yangu Moraa, na Moraa anaishi Nakuru. Mama akaja kwangu. Mbele ya watu nilisema ni baraka.

Mama aliimba kwaya ya kanisa la Sabato kwa zaidi ya miaka thelathini. Sauti ya kwanza. Sasa sauti ile imezeeka, inapanda na kukatika, lakini yeye hana habari nayo, au hajali. Nikiweka wimbo wowote sebuleni, hata usio na maneno, atatafuta pa kuingilia. Atakaa kwenye kiti changu, mkongojo kando, macho ameyafumba, anaimba. Mimi nami niko pale nasikiliza kinanda nilichohangaika miezi mingi kukisikia vizuri, na juu yake kuna Mama.

Ndipo nikamwekea spika chumbani kwake.

Nilimwambia Kerubo kwamba ni zawadi. Nilimwambia Mama kwamba ni zawadi. Nilipitisha waya, nikamtafutia nyimbo za kwaya za Ekegusii, lugha yetu, nikamfundisha kuniita nimbadilishie. Alinishika mikono yote miwili akaniombea. Lakini ukweli ni kwamba nilimwekea ile spika ili aache kuja sebuleni. Sikuwahi kumwambia mtu hilo, isipokuwa Moraa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mama aliwapigia simu watu wote aliowajua kuwaambia juu ya zawadi ile. Mwanawe amemwekea kwaya nzima ndani ya chumba. Akawaalika wenzake watatu waliokuwa wakiimba naye Ekerenyo zamani, kabla maisha hayajawatawanya. Mwalimu Yunes, mstaafu, anaishi hapa mjini. Mama Peris ana duka la ushonaji kule Kebirigo. Na mkubwa wao, Mama Trufosa, yuko Birongo kwa watoto wake. Walikuja Sabato ya wiki iliyopita, Jumamosi, baada ya ibada, wamevaa vizuri, na ndizi mbivu wamenibebea mimi, mwenye nyumba, kwa kunishukuru.

Nilipasha chakula alichopika Kerubo Ijumaa. Nikawawekea nyimbo. Wawili walikaa kitandani na Mama, mmoja kwenye kiti, na nilipochungulia niliwaona wameinamisha vichwa kama watu wanaosomewa barua. Mama Trufosa alikuwa ameweka kiganja juu ya spika. Baadaye wakaanza kuimba pamoja nayo, wote wanne, na nyumba nzima ikajaa. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe na nilikuwa nimekasirika. Siwezi hata kueleza kwa nini. Ilikuwa siku yangu pekee ya kupumzika.

Kisha Mama akaniita nisimamishe muziki ili waongee. Nikasimamisha kwa simu, nikatoka nje, nikaenda kusimama karibu na tangi la maji, upande wa pili wa nyumba.

Hapo ndipo ujumbe wa Moraa uliponikuta. Alikuwa ameahidi kumchukua Mama likizo inayokuja, angalau mwezi mmoja. Sasa anasema haitawezekana, kazi imembana, lakini nimpe Mama salamu nyingi.

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikasema. Nitayaandika maneno yenyewe, maana leo nimeyarudia mara nyingi mno kuyaficha hapa.

"Moraa, usinitumie salamu. Salamu hazimwogeshi mtu. Miezi mitano nyumba yangu inanuka dawa ya kuchua. Sijasikiliza wimbo mmoja ukaisha, kwa sababu lazima yeye aimbe juu yake, na hiyo sauti yake imekwisha, inakwaruza kama mlango mbovu. Nimemwekea spika huko chumbani ili akae huko huko, na sasa ameniletea wenzake. Mimi nimechoka na yeye. Kama humchukui, nitamrudisha Ekerenyo, na huko atajijua."

Nikatuma.

Nina tabia ambayo nadhani wengi wanayo ila hawasemi. Nikishatuma ujumbe wa sauti hupenda kuusikiliza mwenyewe, nisikie nimesikikaje. Nikaubonyeza. Simu haikutoa sauti. Nikadhani nimeipunguza, nikaongeza. Bado kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, nikarudisha ujumbe mwanzo, nikabonyeza tena.

Ndipo nikasikia, kwa mbali, mwanamume anagomba ndani ya nyumba. Kwa nukta moja nilidhani ni jirani.

Simu ilikuwa bado imeunganishwa na Chumba cha Mama.

Nilijaribu kuizima. Vidole vilikuwa na maji ya kuosha vyombo na kioo kikakataa kunisikiliza. Nikazunguka nyumba mbio, na kila hatua sauti yangu inazidi kuwa wazi. Nilifika chini ya dirisha lake ujumbe ulipofikia maneno ya mlango mbovu. Niliisikia pumzi niliyovuta kabla ya kusema kwamba nimechoka na yeye. Hakuna kilichokatwa. Kisha maneno yakaisha, na mle chumbani hapakuwa na mtu aliyekohoa.

Niliingia ndani nikasimama koridoni, karibu na kabati. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai ambayo hata sikumbuki niliichukua wapi.

Nikamsikia Mama akisema kwa Ekegusii, polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ni mchezo wa redio huo. Huwa wanauweka Sabato saa kama hizi. Kuna kijana humo ndani ana maneno mabaya kwa mamake."

Halafu Mwalimu Yunes akasema redio za siku hizi hazina adabu.

Mama akaniita nilete chai.

Nikaingia. Wote walikuwa wanatazama mikono yao. Mama peke yake ndiye aliyenitazama, na uso wake ulikuwa unanisaidia. Nami badala ya kuanguka chini hapo hapo, nilisema samahani, hiyo stesheni huingia yenyewe, mtandao una shida. Nikawamiminia chai. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo pia linaniaibisha.

Lazima nieleze Mama ni mtu wa namna gani. Mama hasemi uongo. Wakati wageni walipokuja kuuliza habari za binamu yangu, wakitaka kumposa, shangazi zetu wote walimsifu mpaka jasho likawatoka. Mama alipoulizwa alisema msichana ni mwema, ila hapendi kupika na kumwamsha ni kazi. Shangazi hawakumsemesha karibu mwaka mzima. Huyo ndiye aliyedanganya siku ya Sabato, mbele ya watu alioimba nao ujana wake wote, ili mimi niweze kuingia chumbani nikiwa nimeinua uso.

Waliondoka saa kumi na moja. Kila mmoja alinipa mkono.

Kerubo aliporudi aliuliza mbona Mama kimya. Nikasema wageni wamemchosha.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, nilikuta ile spika imewekwa nje ya mlango wa chumba chake. Alikuwa ameichomoa mwenyewe. Waya ameukunja vizuri, ameufunga na kitambaa. Sijui aliinamaje na mguu ule. Nilipoingia kumwamkia alinishukuru kwa kumhifadhi muda wote huu, akaniomba nimpeleke kwake Ekerenyo nitakapopata nafasi. Aliongea nami kama mtu anavyoongea na mwenyeji aliyempokea njiani. Nikasema sawa, Mama, tutaona.

Siku zilizofuata hakuimba. Alikuja mezani, akala, akashukuru, akarudi chumbani. Nyumba ikawa na utulivu ule nilioutaka, na mimi nikawa sikai ndani.

Jumanne Kerubo alimkuta mguu umevimba. Akauliza iko wapi dawa ya kuchua. Mama alisema imeisha. Kerubo ni muuguzi, hadanganyiki kirahisi. Akaitafuta, akaikuta imefungwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, chini kabisa ya begi, imejaa nusu. Mama akasema aliiacha kwa sababu harufu yake inasumbua watu.

Kerubo alikuja jikoni akafunga mlango nyuma yake. Hakupaza sauti. Aliniuliza nani amemwambia Mama ananuka.

Nikampa simu. Nilishindwa kuyasema, nikampa tu simu asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, akairudisha mezani kifudifudi. Nilianza kumwomba msamaha. Aliniambia nisimwombe yeye, akachukua ile dawa akaenda kumchua Mama, na mlango wa chumba ukafungwa.

Moraa hakuwa amejibu ujumbe wangu tangu Jumamosi. Sikumlaumu. Jumatano nilimpigia nikamweleza kila kitu, hata habari ya spika. Alilia, akasema atakuja mwisho wa wiki amchukue Mama, kazi itajijua. Lakini Mama alipoambiwa alikataa. Alisema ana nyumba yake, na hawezi kuzungushwa kwa watoto kama sufuria ya kuazima.

Ijumaa asubuhi nikampeleka.

Njia nzima alitazama nje. Chai ilikuwa imestawi kijani kibichi pande zote mbili, watu wameinama na vikapu, na mara moja moja alitaja jina la mwenye shamba, kana kwamba anahesabu ni nani bado yupo. Tulipofika, Nyanchama, mke wa binamu yangu ambaye boma lake linapakana na la Mama, alikuwa ameshafagia na kuwasha moto. Alikuwa amekubali kulala naye na kumleta mazoezini mpaka mguu upone. Niliingiza mabegi. Nikaingiza mkongojo, beseni, zile blanketi. Halafu vitu vya kuingiza vikaisha.

Mama alikaa kwenye kiti chake kifupi jikoni. Nikapiga magoti, maana sikuona namna nyingine ya kuwa chini kuliko yeye.

"Mama," nikasema, "ile haikuwa redio."

"Ni mimi niliyekuzaa," akasema. "Nitakosaje kujua sauti yako?"

Nikamwomba msamaha. Nilisema mambo mengi, mengine hayakuwa hata na maana, kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba Moraa alinikasirisha, kwamba sikumaanisha. Aliniacha nimalize. Nyanchama alikuwa ametoka zamani. Nilitaka Mama anikemee. Nilikuwa nangoja hata anipige, kama angeweza kuufikia mwiko.

Aliniita tata, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wakiwa wanaongea nao jambo zito. Akasema: "Tata, mimi sauti yangu imekwisha. Hilo ni kweli, hukusema uongo. Aliyesema uongo ni mimi. Nimewadanganya Yunes na Peris na Trufosa, siku ya Sabato, kwa kinywa hiki. Hilo ndilo linaloninyima amani. Na mguu huu hauwezi kunifikisha kwao."

Nikasema nitawapigia simu siku hiyo hiyo.

Akasema la. Niende mwenyewe, mlangoni kwa kila mmoja, nimwambie uso kwa uso kwamba haikuwa redio, ni mimi, na kwamba Mama aliyasema yale kwa kunifunika. Nisimwache hata mmoja. Baada ya hapo akaanza kuuliza kama Nyanchama ameshakamua ng'ombe, nikaelewa kwamba nimeruhusiwa kuondoka.

Leo ndiyo nimekwenda.

Kwa Mwalimu Yunes nilifika saa mbili. Alinifundisha darasa la tatu, Ekerenyo, na nilipokaa kwenye kochi lake nilijikuta nimeweka mikono magotini kama siku zile. Nilimwambia. Alisikiliza, akavua miwani, akasema walijua tangu neno la kwanza. Aliijua sauti yangu tangu ikiwa nyembamba. Walinyamaza kwa ajili ya Mama, kwa sababu waliona jinsi alivyokuwa anajitahidi. Alisema wakiwa njiani kwenda stendi hakuna aliyefungua mdomo, na walipoagana Peris alikuwa analia.

Hilo sikulitarajia. Nilikwenda Kebirigo nikiwa nalifikiria.

Mama Peris alikuwa dukani kwake, kwenye cherehani, anamaliza sare ya mtu. Hakusimamisha mguu. Nilisema yote juu ya mlio wa mashine. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama nimekuja mwenyewe au nimetumwa. Nilifikiria kusema nimekuja mwenyewe. Nikasema nimetumwa na Mama. Akasema vizuri, basi angalau leo umesema kweli. Akakata uzi kwa meno na kuchukua kitambaa kingine.

Nilipofika Birongo jua lilikuwa bado linawaka. Nilijua nimebakiza mmoja, na nilijidanganya kwamba magumu yamepita.

Mama Trufosa alikuwa uani, kwenye mkeka, anapukuchua maharagwe na wake wa wanawe wawili. Kulikuwa na majirani pia, na mzee mmoja ambaye sikumjua amekaa kwenye benchi. Alinipokea kwa furaha sana. Alinibusu mikono, akaniletea kiti, akawaambia wote kwamba huyu ndiye yule kijana wa Ekerenyo aliyemjengea mamake chumba cha muziki. Nikamwomba tuongee kando. Hakunielewa. Nikainama sikioni kwake nikamwambia kwa sauti zaidi kwamba siku ile, ile sauti, haikuwa redio.

"Redio gani?" akauliza.

Mke wa mwanawe mmoja akanieleza taratibu kwamba Mama Trufosa masikio yake yamekwenda. Ni miaka miwili sasa. Hasikii kitu mpaka umwambie kwa nguvu, tena upande wa kushoto. Simu humpokelea wao, na mbele ya wageni huitikia tu kwa kichwa, wengi hawatambui.

Hakuwa amesikia lolote siku ile. Alikuwa amekaa mle chumbani ameweka kiganja juu ya spika kwa sababu wimbo aliuhisi mkononi. Yale maneno yangu, kwake, yalikuwa mtetemo mwingine tu.

Njia ya kutoroka ilikuwa wazi. Ningeweza kusema, si kitu, Mama, nilikuja tu kukuamkia. Nikanywa uji, nikaenda zangu. Hakuna ambaye angejua.

Lakini nilikuwa nimeambiwa nisimwache hata mmoja.

Nilipiga magoti upande wake wa kushoto nikamwambia kwamba nilimsema Mama vibaya, wenzake wakasikia, naye Mama akadanganya ili kunifunika. Akauliza nilisema nini. Nikasema, maneno mabaya. Akauliza, maneno gani. Ujumbe ule nilikuwa nimeurekodi kwa Kiswahili, lugha ninayoitumia kazini na kwa watu wa mjini. Sasa ilinibidi niyaseme kwa Ekegusii, na kwa Ekegusii maneno yale hayakuwa na mahali pa kujificha. Nikasema kwamba nyumba yangu inanuka dawa yake. Akasema, ongeza sauti. Nikaongeza. Nikasema kwamba sauti yake imekwisha, inakwaruza kama mlango mbovu. Akaweka mkono nyuma ya sikio. Nikapaza. Nilipofika kwenye kuchoka na yeye nilikuwa napiga kelele, nimepiga magoti uani kwa watu, na maharagwe yalikuwa yameacha kupukuchuliwa. Yule mzee wa benchi alikuwa anatazama chini.

Mara hii aliyasikia yote.

Alichukua ganda moja la maharagwe, akalivunja, akaliweka chini.

"Mimi nilisimama kando ya mamako miaka thelathini," akasema. "Nilikuwa nafuata sauti yake, maana mimi mwenyewe sikuwa mwimbaji sana. Akipanda, napanda. Siku ile kwako niliona mdomo wake unafunguka na sikusikia kitu. Wewe una masikio. Mimi huo mlango wako, ningeusikia hata mara moja kabla sijafa, ningemshukuru Mungu."



Hakunifukuza. Aliniambia ninyanyuke, nimechafua suruali. Akasema nimwambie Mama kwamba ameambiwa, na kwamba mguu wake ukipona waonane.

Nilisimamisha gari mbele kidogo, nikampigia Mama. Nilimweleza mmoja mmoja, kama alivyotaka. Alisikiliza bila kuniingilia. Nilipofika kwa Mama Trufosa na kumwambia kwamba hakuwa amesikia neno hata moja, aliniambia nirudie. Kisha nikamsikia Mama akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamsikia Nyanchama akimuuliza kuna nini.

"Kwa hiyo Trufosa sikumdanganya," akasema.

Nikasema, hapana Mama, huyo hukumdanganya.

Nilidhani hapo ndipo tumefika. Nikamuuliza kama nimfuate mwezi ujao, turudi naye Kisii, chumba chake kiko vile vile. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Alinijibu kwa upole kwamba anafurahi kulala kwake. Mambo ya kurudi nisimuulize sasa. Akiwa tayari ataniambia, na asiponiambia nisije nikamlazimisha. Akaniombea safari njema, akakata.

Mvua imeanza kupungua. Najua baadhi yenu mtaniandikia kwamba mama husamehe, nisijali. Tafadhali msiniandikie hivyo. Hajasema amenisamehe, na sitaki kusemewa kwa niaba yake. Nilichojifunza kuhusu nafsi yangu wiki hii sikipendi. Nilikuwa mtu mpole sana mbele ya watu, na nilikuwa na sauti nyingine ya kutumia nikidhani hakuna anayesikia. Sijui nimeitumia kwa akina nani wengine. Naogopa kumuuliza Kerubo, ingawa najua lazima nimuulize, na nitamuuliza akirudi.

Moraa na mimi tumepanga zamu. Yeye atakwenda wiki moja, mimi nyingine. Ijumaa ijayo ni zamu yangu.

Nitafika Ekerenyo asubuhi. Sitaingia moja kwa moja kama nilivyozoea, kana kwamba nyumba ile ni yangu kwa sababu nilizaliwa humo. Nitasimama nje ya mlango, nibishe hodi, ningoje aniambie niingie.